Mtoto wa ndugu yako yuko kwenye kesi ya matunzo England: namna ya kufanyiwa tathmini ukiwa nje ya nchi

Mambo huenda hivi karibu kila mara. Shangazi anapata habari kwamba watoto wa kaka yake wamechukuliwa na halmashauri huko England, na kesi ya matunzo imefunguliwa, yaani halmashauri inaiomba mahakama imweke mtoto chini ya uangalizi wake. Ukoo unakaa kikao, watu wanalia, wanakubaliana kwamba mtoto hawezi kulelewa na wageni ilhali damu yake ipo. Halafu wanangoja kuitwa. Simu inakuja miezi mitano baadaye, au haiji kabisa, na barua ya mwisho inasema hakuna ndugu aliyejitokeza kwa wakati.

Nimekalia kiti cha mkalimani kwa miaka kadhaa katika mahojiano ya tathmini, yaani uchunguzi wa kama ndugu anafaa kumlea mtoto. Ndugu wengi niliowaona wakikataliwa walikuwa watu wa kumlea mtoto vizuri tu. Walikwama kwa sababu walichelewa, au walitoa majibu ya ukoo badala ya majibu yao wenyewe, au walitumia saa nzima ya mahojiano kumtetea mzazi wa mtoto. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Sheria ninazozitaja ni za England. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria na mahakama zao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vikusanye sasa, hata kama hujajua utaviwasilisha kwa nani.

- Jina la halmashauri, namba ya kesi, na jina na baruapepe ya ofisa ustawi wa jamii anayeshughulikia mtoto. Mzazi anazo kwenye barua alizopewa. Akikataa kukupa, mwombe jina la wakili wake tu.
- Kitambulisho chako na pasi ya kusafiria kama unayo.
- Vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha undugu. Kama wewe ni shangazi, kinatakiwa cheti chako na cha kaka yako, vyote vikiwa na jina la mzazi yuleyule. Tahajia za majina zikitofautiana, pata kiapo cha mahakama au cha wakili kinachoeleza kwamba ni mtu mmoja.
- Cheti cha ndoa au cha talaka.
- Cheti cha tabia njema kutoka polisi, kwa kila mtu mzima anayelala nyumbani kwako. Hiki ndicho huchelewesha wengi, kwa hiyo anza nacho.
- Barua ya daktari kuhusu afya yako.
- Uthibitisho wa kipato: hati ya mshahara, taarifa ya benki au ya pesa za simu, karatasi za biashara au za shamba.
- Majina ya wadhamini watatu wanaokujua kwa miaka mingi, angalau wawili wasiwe ndugu zako. Mwalimu, kiongozi wa dini na jirani wa muda mrefu wanafaa.
- Mchoro wa ukoo. Umuhimu wake utauona hatua ya 4.

Hatua ya 1: Jitokeze kwa maandishi, wiki hii

Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, kama ilivyorekebishwa mwaka 2014, inataka kesi ya matunzo imalizike ndani ya wiki 26. Hesabu inaanza siku ombi linapofunguliwa mahakamani, wala haingoji ukoo upate habari. Mahakama inaweza kuongeza muda, kwa vipande visivyozidi wiki 8 kila kimoja, pale tu inapoona ni lazima ili kesi iamuliwe kwa haki. Hakimu hawezi kuongeza muda kwa ajili ya ndugu ambaye jina lake halimo kwenye jalada.

Simu haitoshi, na ujumbe uliopitia kwa mzazi hautoshi. Andika baruapepe kwa ofisa ustawi, nakala kwa wakili wa mzazi. Ukiweza kupata jina la mwakilishi wa mtoto, yule anayeteuliwa kupitia Cafcass (shirika la England linalotetea maslahi ya watoto mahakamani) kumwangalia mtoto ndani ya kesi, omba wakili amfikishie pia. Ukiandika kwa Kiswahili ni sawa, kutafuta mtafsiri ni kazi yao. Ila ukipata mtu wa kukutafsiria mapema umeokoa siku kadhaa. Iwe fupi:

> Mimi ni fulani, dada wa baba yake mtoto fulani, baba mmoja mama mmoja. Ninaishi mji fulani, nchi fulani. Naomba nifanyiwe tathmini ya kumlea mtoto huyu endapo hatarudi kwa wazazi wake. Niko tayari kwa mahojiano ya video kuanzia tarehe fulani. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Naomba unijulishe kwa maandishi kwamba umepokea barua hii, na tarehe ya kikao kijacho cha mahakama.

Usiandike kwamba unataka "mtoto arudishwe nyumbani". Kwa anayesoma kule, nyumbani kwa mtoto aliyezaliwa Birmingham ni Birmingham, na sentensi hiyo inamwonyesha kwamba hujamfikiria mtoto mwenyewe. Maneno "endapo hatarudi kwa wazazi wake" nayo usiyaache. Yanaonyesha kwamba hupigani na mzazi wala hujamhukumu.

Hatua hii imefaulu ukipata jibu lenye jina la mtu na tarehe. Siku tano za kazi zikipita kimya, tuma tena barua ileile, na mara hii mwombe wakili wa mzazi aitaje mahakamani.

*Onyo.* Usiweke jina wala picha ya mtoto mtandaoni, hata kwenye kundi kubwa la ukoo. Sheria hiyo ya 1989 inakataza kuchapisha kitu kinachomtambulisha mtoto aliye kwenye kesi. Na asithubutu mtu kupanga safari ya kumtoa mtoto kimyakimya: kumtoa Uingereza bila ruhusa mtoto aliye chini ya amri ya matunzo, yaani amri inayomweka chini ya uangalizi wa halmashauri, kunafunga mlango kwa ukoo mzima, na kunaweza kumpeleka mtu gerezani.

Hatua ya 2: Ukoo uchague mtu mmoja

Wakijitokeza ndugu saba, ofisa anaona majina saba yasiyo na mpango. Anawapigia wawili, mmoja hapokei, wa pili anasema "sisi sote tutamlea". Hapo ameandika kwamba hakuna mlezi mahususi.

Kwetu kusema mtoto ni wa wote ni sifa. Kwao swali ni nani ataamka saa nane za usiku mtoto akiwa na homa, na wanataka jina la mtu. Chagueni mmoja, na wa akiba mmoja. Wengine waandikwe kama wasaidizi, kila mmoja na kazi yake: huyu atachangia ada ya shule, huyu atakaa na mtoto mlezi akiwa kazini.

Mchague mwenye maisha yenye nafasi, hata kama si mkubwa wa ukoo. Bibi wa miaka 74 ana heshima zote, lakini mtoto wa miaka miwili anahitaji mlezi kwa miaka kumi na sita ijayo, na swali hilo litaulizwa bila kuona haya.

Halmashauri zina utaratibu wa kuitisha mkutano wa ukoo unaoongozwa na mtu asiye upande wowote. Ombeni ufanyike, na mjiunge kwa video.

Hatua ya 3: Jua njia ambayo ombi lako linapita

Ofisa wa England hana mamlaka nje ya nchi yake. Anaweza kukuhoji kwa video, lakini kuja nyumbani kwako kufanya tathmini kunategemea sheria ya nchi unayoishi. Nchi nyingine zinataka kibali kwanza, nyingine hazikubali kabisa. Kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni Mkataba wa The Hague wa 1996 kuhusu ulinzi wa watoto, unaotumika Uingereza tangu tarehe 1 Novemba 2012. Nchi unayoishi ikiwa mwanachama, maombi hupitia ofisi maalumu inayoitwa Mamlaka Kuu. Kwa England ofisi hiyo inajulikana kwa kifupi cha ICACU. Kupitia njia hii halmashauri inaweza kuomba taarifa kuhusu wewe na makazi yako. Kuna sharti zito katika kifungu cha 33: kama mtoto anapelekwa kwenye familia ya kulea au kituo katika nchi nyingine mwanachama, nchi inayompokea lazima iulizwe kwanza, na ikubali, ndipo uamuzi utolewe. Ndugu kuhesabiwa kama familia ya kulea kunategemea nchi, kwa hiyo mwombe ofisa aulize mapema. Kibali kikisahaulika, mpango mzima unaweza kusimama wiki ya mwisho. Nchi zote za Umoja wa Ulaya zimo, Moroko na Lesotho zimo, nchi nyingi za Afrika hazimo. Orodha iko kwenye tovuti ya HCCH, shirika la The Hague lenye mkataba huo.

Ya pili ni kwa nchi zisizo wanachama. Hapa halmashauri hutumia mtandao wa International Social Service, ambao tawi lake la Uingereza ni shirika la CFAB, ili ofisa ustawi wa nchi yako afanye tathmini na kuandika ripoti. Au huandika moja kwa moja kwa wizara ya ustawi wa jamii ya nchi yako. Mimi naiamini zaidi ripoti ya mtu wa hapohapo. Anajua shule ipi ni nzuri, anajua nyumba ya vyumba viwili yenye uani na watu wazima watatu si balaa, na anajua pia pa kuchokoa pale ambapo mgeni angedanganyika.

Ubalozi wa nchi ya mtoto nao una nafasi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, kifungu cha 37, unazungumzia kuujulisha ubalozi pale mtoto raia wake anapotakiwa kuteuliwa mlezi. Mwaka 2014 Sir James Munby, aliyekuwa anaongoza Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, alieleza katika hukumu kwamba mahakama kwa kawaida zisimzuie mzazi raia wa kigeni kuwasiliana na ubalozi wake. Kwa hiyo mzazi anaweza kuwaandikia. Ubalozi hauamui kesi, lakini unasaidia kwenye pasi, vyeti na kupata ofisi sahihi ya ustawi.

Kazi yako katika hatua hii ni swali moja, kwa maandishi: "Tathmini yangu inapitia njia gani, na ombi lilitumwa tarehe gani?" Ukijibiwa kwa tarehe, mambo yanakwenda. Ukijibiwa kwamba bado wanafikiria, mwombe wakili wa mzazi aombe mahakama iweke tarehe ya mwisho.

Gharama za tathmini hazikuhusu wewe ndugu. Mtu yeyote anayekuomba pesa ili akupitishie ripoti ni tapeli.

Hatua ya 4: Tathmini ya awali, mahojiano ya video

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

*Kaa peke yako.* Nilitafsiri mahojiano ya bibi mmoja aliyekuwa na majibu mazuri sana. Lakini kabla ya kila jibu macho yake yalikwenda kona ya kushoto ya chumba, anatulia, ndipo anasema. Mwanawe mkubwa alikuwa amesimama pale, nje ya kamera. Ofisa hakuuliza kitu. Aliandika tu kwamba bibi hayuko huru kuzungumza. Familia ilikuwa na nia njema, walitaka kumsaidia mama yao asikosee.

*Taja undugu kwa kueleza nani alimzaa nani.* Maneno yetu ya undugu hayana vipimo sawa na ya Kiingereza. Baba mkubwa, mama mdogo, dada ambaye ni mtoto wa mjomba, mkalimani akiwa na haraka vyote vinapotea. Mwanamke mmoja alisema alilelewa na "mama mkubwa". Ripoti ikaandika bibi yake. Mdhamini wake alipohojiwa akasema alilelewa na shangazi, akimaanisha mtu yuleyule. Ripoti ikahitimisha kwamba maelezo ya utoto wake hayalingani, na ikabidi aombe yasahihishwe. Ndiyo sababu ya mchoro wa ukoo: utume kabla ya mahojiano, kila mtu na jina lake kamili, umri, na mstari unaoonyesha alizaliwa na nani.

*Swali kuhusu mzazi.* Litakuja kwa njia nyingi, lakini ni moja: je, utamlinda mtoto dhidi ya ndugu yako mwenyewe? Ukijibu "mdogo wangu hawezi kufanya hivyo, amesingiziwa", umemwambia ofisa kwamba mdogo wako akigonga mlango utamfungulia. Kumtukana pia hakusaidii, kwa sababu mtoto atakua akisikia matusi hayo.

Mwombe ofisa akueleze madai ni yapi, yapi yamethibitishwa na yapi bado. Kisha jibu kutoka moyoni, kwa kitendo. Jibu bora nililowahi kutafsiri lilitoka kwa dereva wa lori: "Nampenda dada yangu. Nimesoma mlichoniandikia na kimeniuma. Akija akiwa amelewa sitamruhusu aingie, nitampa nauli arudi alikotoka, na mke wangu anajua hivyo. Akija mzima, atamwona mtoto sebuleni mimi nikiwepo." Hakuna neno la kitaalamu hata moja, na kila kitu kimo.

*Fimbo.* Utaulizwa unamwongozaje mtoto akikosea. Watu hujibu "namchapa kidogo tu" huku wakicheka. Mtoto huyu huenda ameondolewa kwao kwa sababu ya kupigwa, na hakuna tathmini itakayopita na fimbo ndani yake. Lakini usiseme uongo. Kama uliwachapa wako, sema, kisha eleza kwa huyu utafanya nini badala yake. Kama huna jibu hilo, litafute na mwenzako kabla ya siku ya mahojiano, kwa sababu mtoto aliyeumizwa atakujaribu kweli.

*Yaliyopita.* Kesi ya polisi ya zamani, ndoa iliyovunjika, ugonjwa, deni: yataje mwenyewe mapema. Nimeona mtu aliyetaja kifungo cha miezi mitatu akapita, na nimeona aliyeficha faini ndogo akakataliwa. Tatizo halikuwa faini.

*Nguvu ambayo hatuisemi.* Wengi wetu tumelea watoto wa ndugu bila karatasi yoyote. Taja majina yao, ulikaa nao miaka mingapi, na sasa wako wapi. Kwenu ni jambo la kawaida. Kwa ofisa ni ushahidi.

Mahojiano yakiisha, omba kusomewa muhtasari kwa Kiswahili kabla haujapelekwa mahakamani. Matokeo mazuri yataandikwa kwamba tathmini kamili inapendekezwa.

Hatua ya 5: Tathmini kamili

Ofisa wa nchi yako, au mtaalamu aliyekubaliwa na mahakama, atakuja nyumbani zaidi ya mara moja. Atahoji kila anayeishi hapo, watoto wako wakiwemo, na atawapigia wadhamini.

Usipake rangi nyumba kwa mkopo. Onyesha kitanda cha mtoto kitakaa wapi, shule iko umbali gani, kituo cha afya kiko wapi. Kama mtoto ana mahitaji maalumu, nenda mwenyewe ukaulize huduma hiyo inapatikana wapi na kwa bei gani, uandike jina la hospitali na siku za kliniki. Mtoto aliyezaliwa England huenda hajui Kiswahili. Sema nani nyumbani anaongea Kiingereza, na jifunze kwa simu maneno anayoyapenda na chakula anachokula sasa.

Wakati huohuo omba kuonana na mtoto kwa video mara kwa mara, hata dakika kumi na tano. Tathmini ya mtu ambaye mtoto hajawahi kumwona ina pengo ambalo hakuna ripoti inaweza kulijaza. Mara za kwanza mtoto mdogo atakimbia kamera. Rudi tena wiki inayofuata, saa ileile.

Hatua ya 6: Ukikataliwa

Barua ya kukataliwa huja na muda mfupi wa kupinga, mara nyingi siku chache tu. Omba ripoti nzima. Isome na mtu anayejua Kiingereza vizuri, weka alama kwenye makosa ya ukweli (tarehe, undugu, kipato) na kando weka maoni usiyoyapenda. Makosa ya ukweli yajibu kwa karatasi. Maoni yajibu kwa mpango.

Kisha mwombe wakili wa mzazi, au mwakilishi wa mtoto, aulize mahakama kama tathmini huru inahitajika. Unaweza pia kuomba ruhusa ya mahakama uwe mhusika wa kesi. Wazazi katika kesi hizi hupata wakili anayelipwa na serikali bila kuangaliwa kipato. Wewe hupati moja kwa moja, hivyo pigia kwanza mashirika ya ushauri wa bure. Family Rights Group huwashauri ndugu wa watoto walio kwenye mfumo huu England.

Kama ripoti imekataa kwa sababu ya kweli, jina la akiba mlilotoa hatua ya 2 litajwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Amri yenyewe, na mpaka

Ukikubaliwa, jina la amri lina uzito mkubwa.

Amri ya ulezi maalumu, ambayo kwenye barua utaiona kama SGO, inakupa wajibu wa mzazi (yaani mamlaka ya kisheria ya kumwamulia mtoto) ulio juu ya wa wengine, bila kufuta uzazi wa wazazi. Lakini peke yake inakuruhusu kumtoa mtoto Uingereza kwa muda usiofika miezi mitatu. Zaidi ya hapo unahitaji ridhaa ya maandishi ya kila mwenye wajibu wa mzazi, au ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo ruhusa ya kuhamia nchi yako iandikwe ndani ya amri siku ileile.

Kama mtoto anabaki chini ya amri ya matunzo, halmashauri inahitaji kibali cha mahakama ili aishi nje. Mahakama itaangalia mambo manne: kwamba ni kwa faida ya mtoto, kwamba mapokezi na malezi yameandaliwa, kwamba mtoto mwenye umri wa kuelewa ameridhia, na kwamba wenye wajibu wa mzazi wameridhia. Ridhaa hizi za mwisho mahakama inaweza kuzivuka katika hali fulani.

Halafu upande wako wa mpaka. Katika nchi mwanachama wa Mkataba wa 1996 amri hutambuliwa kwa nguvu ya mkataba. Kwingine, fungua ombi kwenye mahakama ya watoto ya nchi yako upate amri pacha inayosema maneno yaleyale. Bila hiyo, siku mzazi atakapokuja kumdai mtoto langoni, polisi wa mtaani wataona karatasi ya kigeni tu. Mahakama ya England nayo itapenda kuona barua ya wakili wa nchi yako inayoeleza jambo hili litafanyikaje, kwa hiyo mtafute mapema.

Uhamiaji usiachwe mwisho. Uliza ofisi ya uhamiaji mtoto ataingia kwa pasi gani, atakaa kwa hadhi gani, na itahuishwa lini.

Na msaada: kama halmashauri itachangia nauli, ada au matibabu, kiasi, muda na njia ya kutuma viandikwe kwenye mpango wa msaada kabla hakimu hajasaini. Ahadi ya mdomo kutoka kwa ofisa mwema hupotea siku anapohamishwa kazi.

Hatua ya 8: Siku ya kumpokea

Omba wewe usafiri kwenda kukaa naye siku kadhaa kule anakolelewa sasa, kuliko kumpokea uwanja wa ndege kwa mara ya kwanza. Visa ikikataliwa, omba mlezi wake wa sasa amlete na abaki siku chache.

Siku ya kwanza nyumbani ukoo wote utataka kuja na ngoma. Waambie waje wiki ya pili, wawili wawili. Kwenye begi la mtoto hakikisha kuna amri yenye muhuri, cheti cha kuzaliwa, kadi za chanjo, ripoti ya shule, na blanketi lake lilelile analolalia, bila kufuliwa.